Maximo na Amunike: pointi 8 zile zile, hukumu mbili tofauti

Waitu, leo siasa tuziweke pembeni kidogo tuongelee mpira. Ila tuongelee kwa hesabu, kelele tumeshapiga za kutosha.

Ubishi wenyewe ulianzia Muleba. Nilikwenda kumsalimia baba mdogo, tukakaa nje tunasubiri ndizi ziive, redio inaongea mambo ya Taifa Stars. Baba mdogo akasema Tanzania haijawahi kupata kocha kama Marcio Maximo na haitapata tena. Mimi bila kufikiri nikamjibu, "Lakini baba mdogo, Maximo alitupeleka wapi? Aliyetupeleka AFCON ni Amunike."

Akanyamaza. Halafu akaniambia, "Mwanangu, wewe ulikuwa bado unanyonya wakati sisi tunapanda meli kwenda Kirumba kuiona Senegal."

Sikuwa na jibu. Kweli nilikuwa mtoto mdogo Juni 2007, yeye na wenzake walipolala njiani ndani ya MV Victoria kutoka Bukoba kwenda Mwanza kuiona Stars. Lakini niliporudi mjini nikakuta ubishi ule ule kwa vijana wa rika langu, sema umegeuzwa. Kwetu sisi Maximo ni hadithi ya wazee na Amunike ndiye mwanaume. Basi nikachukua daftari, nikaingia kwenye kompyuta, nikaandika mechi moja moja. Nilichokikuta kimenifanya nimpigie baba mdogo simu. Naomba na nyie mkisome kabla hamjaanza kunirushia mawe.

WALIINGIAJE

Kwa wale wageni wa mambo haya: Marcio Maximo ni Mbrazili. Alipewa Taifa Stars mwaka 2006, wakati Rais Jakaya Kikwete ndiyo kwanza ameingia Ikulu, na mshahara wake ulilipwa na serikali. Akakaa mpaka 2010, miaka minne. Kwa makocha wa timu yetu ya taifa hiyo ni miaka mingi sana.

Emmanuel Amunike ni Mnaijeria. Huyu alikuja na jina lake kabisa: Mchezaji Bora wa Afrika 1994, mwaka ule ule alioifungia Nigeria mabao mawili kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Zambia. Mwaka 1996 akafunga bao la ushindi dhidi ya Argentina kwenye fainali ya Olimpiki, na mwaka 2015 akachukua Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 akiwa kocha. TFF ilimpa Stars Agosti 2018. Julai 2019 wakaachana naye. Hata mwaka haukutimia.

Sasa ona kituko cha kwanza. Aliyekaa miaka minne hakutupeleka AFCON. Aliyetupeleka baada ya miaka 39 ya kusubiri (mara ya mwisho ilikuwa Nigeria 1980) alikaa miezi 11. Ukiishia hapo utasema nchi hii haijui kumlipa mtu kwa kazi yake. Lakini tusiishie hapo, twende kwenye daftari.

DAFTARI LA MAXIMO

Maximo alicheza kampeni mbili kamili za kufuzu. Ya kwanza ni ya AFCON 2008, kundi moja na Senegal, Msumbiji na Burkina Faso:

Tanzania 2-1 Burkina Faso (nyumbani)
Msumbiji 0-0 Tanzania
Senegal 4-0 Tanzania
Tanzania 1-1 Senegal (Mwanza)
Burkina Faso 0-1 Tanzania
Tanzania 0-1 Msumbiji (nyumbani)

Kushinda mbili, sare mbili, kufungwa mbili. Pointi 8. Senegal 11, Msumbiji 9, sisi wa tatu.

Ya pili ni ile ya pamoja, Kombe la Dunia na AFCON za 2010. Kundi lilikuwa Cameroon, Cape Verde na Mauritius:

Tanzania 1-1 Mauritius (nyumbani)
Cape Verde 1-0 Tanzania
Tanzania 0-0 Cameroon (nyumbani)
Cameroon 2-1 Tanzania
Mauritius 1-4 Tanzania
Tanzania 3-1 Cape Verde (nyumbani)

Kushinda mbili, sare mbili, kufungwa mbili. Pointi 8 tena! Cameroon 16, Cape Verde 9, sisi wa tatu tena.

Jumlisha zote mbili: mechi 12, ushindi 4, sare 4, vipigo 4. Mabao ya kufunga 13, ya kufungwa 13. Jamani, hata ungeambiwa utunge hesabu ya mtihani usingepata iliyonyooka hivi. Pointi 16 kati ya 36.

DAFTARI LA AMUNIKE

AFCON 2019 kundi lilikuwa Uganda, Cape Verde na Lesotho. Mechi ya kwanza, ile sare ya 1-1 na Lesotho nyumbani Juni 2017, alikuwepo Salum Mayanga. Amunike akazikuta tano:

Uganda 0-0 Tanzania
Cape Verde 3-0 Tanzania
Tanzania 2-0 Cape Verde (nyumbani)
Lesotho 1-0 Tanzania
Tanzania 3-0 Uganda (nyumbani)

Ushindi 2, sare 1, vipigo 2. Pointi zake 7, ukiongeza ile moja aliyoiacha Mayanga tunapata ngapi?

Pointi 8.

Niliporudia kuhesabu nilicheka peke yangu mpaka jamaa wa kompyuta ya jirani akanigeukia. Kampeni tatu, makocha wawili, pointi 8, 8, na 8. Mbili tukaziita kushindwa. Moja tukaenda nayo Ikulu, Rais Magufuli akawaahidi wachezaji viwanja Dodoma.

"MLANGO ULIPANULIWA"

Hapa ndipo nilipotaka kufunga daftari nikatangaze kwamba baba mdogo yuko sahihi. Nikasema jibu rahisi: enzi za Maximo AFCON ilikuwa ya timu 16, ya Amunike ilikuwa ya timu 24. Mlango ulipanuliwa, basi. Amunike alipita pale ambapo Maximo angepita pia.

Nusu ya hiyo ni kweli. Kwa sheria za 2008 kila kundi lilipitisha kinara wake, halafu wakachukuliwa washindi wa pili watatu tu waliofanya vizuri zaidi. Majirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula wanaikumbuka vizuri hiyo: Uganda walimaliza wa pili na pointi 11, wakabaki nyumbani. Pointi 11! Sasa Amunike na 8 zake angefika wapi mwaka ule? Asingefika hata mlangoni.

Lakini nusu nyingine siyo kweli, na hapa nakiri nilitaka kuwadanganya na kujidanganya mwenyewe. Mwaka 2019 walipita wawili wa kwanza kila kundi. Maximo alikuwa wa TATU mara zote mbili. Mpe mlango mpana wa 2019, mpe kundi lake lile lile, bado anabaki nje. Msumbiji 9, yeye 8. Cape Verde 9, yeye 8. Mara zote mbili alikosa nafasi ya pili kwa pointi moja.

Amunike alikuwa wa pili na 8 kwa sababu waliokuwa nyuma yake walikuwa dhaifu zaidi siku ile: Lesotho walimaliza na 6, Cape Verde 5. Kwa hiyo mlango ulimsaidia, na kundi likamsaidia. Ila hata mlango ukiwa wazi lazima mtu aingie, na yeye aliingia.

NYUMBANI NA UGENINI

Nikasema ngoja nizigawanye zile mechi, za nyumbani kando na za ugenini kando. Hapa ndipo utamu ulipo, kaeni vizuri.

Maximo nyumbani: mechi 6, pointi 9 kati ya 18. Ugenini: mechi 6, pointi 7 kati ya 18.

Amunike nyumbani: mechi 2, pointi 6 kati ya 6. Ugenini: mechi 3, pointi 1 kati ya 9. Na huko ugenini Stars haikufunga bao hata moja. Sifuri.

Hawa wawili ni tofauti kabisa! Timu ya Maximo ilikuwa haijali inachezea wapi. Ilikwenda Ouagadougou ikashinda kwa bao la Erasto Nyoni. Ilikwenda Yaoundé kwa Samuel Eto'o ikafungwa 2-1 kwa tabu. Halafu timu hiyo hiyo inarudi Dar es Salaam inatoka sare na Mauritius. Mauritius, wadau! Kisiwa! Na mechi ya Msumbiji ya Septemba 2007, ambayo tukishinda tunafikisha pointi 11 sawa na Senegal, tukafungwa 1-0 nyumbani kwetu.

Ukitafuta ile pointi moja iliyomponza mara mbili, iko hapo. Sare moja tu na Msumbiji, tungekuwa na 9 na wao wangebaki na 7. Ushindi mmoja tu kwa Mauritius, tungekuwa na 10 na Cape Verde wangebaki na 9 zao. Hizo mechi mbili, zote nyumbani, ndizo zimemfanya kijana wa leo aulize "Maximo alitupeleka wapi?"

Amunike kinyume chake. Ugenini alikuwa hoi. Lesotho walipotufunga 1-0 Novemba 2018 kila mtu alishamwandikia barua ya kufukuzwa. Kuna siku moja tu iliyobaki, 24 Machi 2019, uwanja umejaa, sisi tuna 5, Lesotho wana 5, Cape Verde wana 4. Lazima kushinda. Simon Msuva akafunga, Erasto Nyoni akafunga penalti, Aggrey Morris akamalizia. 3-0. Kule Praia Cape Verde na Lesotho wakatoka 0-0, kazi ikaisha.

Najua wenzetu wa Uganda watasema walikuwa wameshafuzu na hawakuwa na haja. Ni kweli, walikuwa na pointi zao 13 mfukoni. Lakini na sisi tuseme ukweli: ni mara ngapi Stars imepewa mechi kama hiyo, mpinzani hana haja, uwanja umejaa, na bado tukaichezea ovyo? Amunike hakuichezea ovyo.

Na msiache kumwangalia Erasto Nyoni hapo. Bao la Ouagadougou 2007 ni lake, penalti ya Dar 2019 ni yake. Mtu mmoja, makocha wawili, miaka 12 katikati.

KIPIMO KIMOJA CHA HAKI

Mnaopenda kulinganisha watu watasema makundi hayafanani. Sawa. Ila kuna timu moja walikutana nayo wote wawili, nyumbani na ugenini, kwenye kufuzu: Cape Verde.

Maximo: kafungwa 1-0, kashinda 3-1. Amunike: kafungwa 3-0, kashinda 2-0. Wote pointi 3. Maximo mabao 3 kwa 2, Amunike 2 kwa 3. Kama kuna tofauti hapo basi mniazime miwani.

Na wastani wa kila mechi? Maximo pointi 1.33, Amunike 1.40. Kwa mechi tano tu za Amunike huwezi kuutegemea wastani huo. Angepata mechi ya sita akafungwa, angeshuka mpaka 1.17.

KWENYE MASHINDANO YENYEWE

Maximo hakuipeleka Stars AFCON lakini aliipeleka CHAN 2009 Ivory Coast, ile ya kwanza kabisa ya wachezaji wa ligi za ndani. Kufika huko tuliwatoa Kenya, Uganda na Sudan. Kule tukafungwa na Senegal 1-0, tukawafunga wenyeji Ivory Coast 1-0 kwao kwa bao la Mrisho Ngassa, halafu tukatoka 1-1 na Zambia waliosawazisha dakika za mwisho kabisa. Pointi 4. Zambia 5, Senegal 5. Tungeshikilia lile bao tungekuwa na 6, tunaongoza kundi. Nje tena kwa pointi moja! Huyu Maximo na pointi moja kuna kitu walikosana.

Amunike AFCON 2019 Misri: Senegal 2-0, Kenya 3-2 baada ya sisi kuongoza mara mbili, Algeria 3-0. Mechi tatu, pointi sifuri, mabao manane nyavuni. Watu wakapiga kelele mpaka akaondoka. Lakini nani alikumbuka kuangalia kwamba Senegal na Algeria ndio waliocheza fainali ya mashindano yale, Algeria akawa bingwa? Mechi ya kumlaumu ni ya Kenya. Hizo mbili nyingine wangefungwa na wengi.

Halafu linganisha na hii: AFCON 2025 kule Morocco, Stars chini ya Miguel Gamondi ilifungwa na Nigeria 2-1, ikatoka sare na Uganda na Tunisia. Pointi 2, na ikavuka kwenda 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia, ikatolewa na wenyeji kwa 1-0. Maximo na pointi 4 alirudi nyumbani, Gamondi na 2 akavuka. Simbezi Gamondi, nililala usiku nikifurahi kama nyie. Nasema tu kwamba pointi haziongei zenyewe. Lazima uulize zilihitajika ngapi mwaka ule.

Hata zile 8 za kufuzu zimejirudia baadaye. Kampeni ya AFCON 2023, iliyoanza na Kim Poulsen ikamaliziwa na Adel Amrouche, ilikuwa pointi 8, nafasi ya pili, tumefuzu. Na aliyezidi wote hao ni mzalendo Hemed Suleiman "Morocco", aliyepata 10 kwenye kufuzu AFCON 2025. Na yeye akatolewa kwenye kiti muda mfupi tu kabla ya mashindano. Kaazi kweli kweli.

WACHEZAJI WALIOKUWA NAO

Tusisahau na viungo vya mchuzi. Amunike alikuwa na Mbwana Samatta aliyekuwa anaongoza mashambulizi ya Genk na kuchukua ubingwa wa Ubelgiji msimu ule ule wa 2018/19, na Msuva aliyekuwa anacheza Morocco. Maximo sehemu kubwa ya kikosi chake ilitoka ligi ya hapa hapa, na vijana wengi kama Ngassa na Jerry Tegete watu waliwazoea kupitia kwake. Kupata 0-0 na Cameroon ya Eto'o kwa kikosi kile siyo mchezo.

Na nidhamu wote wawili walikuwa wakali. Amunike alipoanza tu, wachezaji kadhaa wa Simba walichelewa kambini, akawafuta kwenye kikosi. Nyoni alikuwa mmoja wao. Baadaye akamrudisha, na Nyoni akafunga ile penalti. Maximo naye alimuacha nje Juma Kaseja kwa muda mrefu, kipa ambaye nusu ya nchi ilikuwa inamtaka. Baba mdogo mwenyewe, pamoja na mapenzi yake yote, kwenye hilo la Kaseja anatikisa kichwa. Tofauti naiona hapo: mmoja aliadhibu akasamehe na akavuna, mwingine alishikilia msimamo na ubishi ukamfuata mpaka anaondoka.

KWA NINI NAYASEMA HAYA BUKOBA

Sasa mtaniuliza, kijana, umekula dakika zako zote za kompyuta kwa mambo ya 2007, yatusaidie nini?

Yanatusaidia Kaitaba. Msimu wa 2024/25 Kagera Sugar yetu ilishuka daraja. Makocha walibadilishwa katikati ya msimu, na mwishoni aliyekuwa kwenye benchi timu inashuka alikuwa nani? Juma Kaseja yule yule, ambaye baada ya miaka yake ya Simba na Yanga alikuja kutudakia hapa hapa Kagera. Mara tu timu iliposhuka nikasikia watu stendi wanasema "Kaseja katushusha".

Hapo ndipo nilipoona kwamba tunafanya kosa lile lile. Tunamwangalia mtu aliyesimama mlangoni siku ya mwisho, tunampa sifa zote au lawama zote. Amunike alikuwa mlangoni siku ya furaha, tukasahau pointi ya Mayanga iliyokuwemo. Maximo alikuwa mlangoni mara mbili mlango ulipofungwa, tukasahau Ouagadougou. Kaseja alikuwa mlangoni nyumba inaanguka, tukasahau aliyejenga ukuta ni nani na nani alikuwa anakula matofali.

Sisemi makocha hawana makosa. Nimewaonyesha makosa ya Maximo kwa namba: nyumbani alipata nusu tu ya pointi. Nimewaonyesha ya Amunike: ugenini bao sifuri. Huko ndiko kumhukumu mtu. Unajua hasa alikosea wapi, na anayekuja baada yake anajua arekebishe nini. Ukisema tu "hakutupeleka" au "katushusha", unamfukuza, unaleta mwingine, na mwingine anakuta shimo lile lile anatumbukia.

Vijana wa mitaa ya huku, Kashai, Hamugembe, Rwamishenye, na nyie wa Muleba mjini na Kamachumu, wengi tunacheza timu ambazo kocha ni mtu wa kujitolea, anatoa nauli mfukoni mwake. Kwenye timu niliyokuwa nachezea mimi tulimfukuza kocha kwa kikao cha dakika kumi, chini ya mti, kwa sababu tulikosa kombe. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na daftari. Yule mzee alituaga kwa heshima, akachukua mipira yake miwili akaondoka. Ilikuwa mipira yake kweli, timu ikakaa mwezi mzima haina cha kuchezea. Na mimi nilinyoosha mkono wa kumfukuza. Mpaka leo sijui alikuwa kocha mbaya au la, kwa sababu hatukuhesabu.

JIBU LANGU

Haya, mnataka jibu. Nani zaidi?

Kama ni mechi moja ya kufa na kupona, nyumbani, nampa Amunike. Namba zinasema hivyo na 24 Machi 2019 inasema hivyo.

Kama ni kuichukua timu na kuifanya iende popote bila kutetemeka, nampa Maximo. Pointi 7 ugenini kwa kikosi kile, na ushindi kule Ivory Coast mbele ya wenyeji, sijaona kwa Amunike.

Kama ni rekodi kwa ujumla, hawa watu wako SAWA. Atakayewaambia mmoja alimwacha mwenzake mbali hajafungua daftari. Tofauti kati ya shujaa na aliyesahaulika ilikuwa pointi moja, na timu iliyomaliza nyuma yao.

Kosa kubwa nadhani hakulifanya kocha yeyote kati ya hao wawili. Maximo alipewa miaka minne, ule uvumilivu ukaondoka naye. Amunike akapewa miezi 11 na hakuna aliyemsubiri aone kama hilo tatizo la ugenini linatibika. Mwaka 2014 Maximo alirudi nchini kuifundisha Yanga, hakumaliza hata msimu. Tumeshazoea kubadilisha mtu kabla hatujajua ana shida gani.

Nilimpigia baba mdogo nikamsomea yote haya. Alisikiliza mpaka mwisho, nilidhani atafurahi kwamba mtu wake hakuachwa. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo ile ya Mauritius ingeingia moja zaidi tungekuwa wa pili?" Nikamwambia ndiyo. Akavuta pumzi. "Miaka yote hii nilikuwa namlaumu Msumbiji," akasema, halafu salio langu likakata.

Naomba kuwasilisha. Uwanja ni wenu wadau, mwenye namba alete namba, mwenye matusi ayaweke akiba. Na kama kuna aliyekuwa Kirumba siku ile ya Senegal, atuambie kulikuwaje, sisi tuliokuwa tunanyonya tunataka kusikia.